Solo nzuri ni ipi, na nani kasema?

Januari 18, 1962, jarida la DownBeat la Marekani lilichapisha tahakiki mbili za santuri moja, zikiwa zimepangwa pamoja. Santuri yenyewe ni Free Jazz ya mpiga saksafoni Ornette Coleman: wanamuziki 8 katika makundi mawili ya watu wannewanne, wanabuni papo kwa papo kwa takriban dakika 37, huku mambo waliyokubaliana kabla ya kuanza yakiwa machache sana. Mhakiki wa kwanza, Pete Welding, aliipa nyota 5, yaani alama zote. Wa pili, John A. Tynan, hakuipa hata nyota moja.

Hebu tukae hapo kidogo. Hawa hawakuwa wapita njia waliosikia kelele za baa wakatoa maoni. Kazi yao ilikuwa kusikiliza jazz na kuiandikia. Wamesikia santuri ileile, lugha ya muziki huo wanaijua, halafu mmoja anatoka na alama za juu kabisa na mwenzake anatoka na sifuri.

Njia rahisi ni kusema Tynan alichemsha. Coleman alikuja kupata tuzo ya Pulitzer ya muziki mwaka 2007, na leo ni vigumu kusimulia historia ya jazz bila kumtaja. Sawa. Lakini kujua nani alishinda kesi miaka 45 baadaye hakutuambii mtu mwenye masikio mazuri alifikaje kwenye sifuri. Hilo ndilo swali gumu, na haliwahusu wapenzi wa jazz peke yao. Mwanafunzi wa muziki anapewa alama za solo yake na jopo la watu watatu. Kijana wa mitindo huru anatolewa kwenye shindano kwa alama za majaji. Na kwenye sayansi, ambako ndiko nataka tukae zaidi leo, alama za majaji ndizo zinazoamua ubongo wa nani utaitwa wa kibunifu na wa nani utaitwa wa kawaida.

Hoja yangu ni hii: alama ya mtaalamu inatuambia mengi kuhusu namna mtaalamu huyo alivyofunzwa kusikiliza, na inatuambia machache kuliko tunavyodhani kuhusu kilichotokea kwenye muziki. Baadhi ya tafiti tunazozishabikia zinaichukua kana kwamba ni kilo za dukani.

Namba inatoka wapi?

Ukitaka kuchunguza ubora wa solo kisayansi, lazima mahali fulani upate namba. Urefu wa solo unaweza kuupima kwa saa. Idadi ya noti kompyuta itakuhesabia. Ila hakuna kifaa cha kupima kama solo ni nzuri. Watafiti wanafanyaje?

Njia inayotumika sana ilielezwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Teresa Amabile, mwaka 1982. Unawatafuta watu wanaoifahamu fani. Kila mmoja anatoa alama peke yake, bila kuongea na wenzake, na bila wewe mtafiti kumwambia ubunifu maana yake nini. Anazilinganisha kazi zilizopo mezani zenyewe kwa zenyewe, halinganishi na kazi bora za dunia nzima. Mwisho unapiga hesabu kuona kama alama zao zinaelekea upande mmoja. Zikielekea pamoja, unakubali kwamba mmepata kipimo.

Ni wazo lenye akili, tukubali. Amabile alikuwa anakwepa mtego wa zamani wa kutafuta fasili ya ubunifu ambayo kila mtu ataikubali kabla kazi haijaanza. Badala yake alisema: kitu ni cha kibunifu kwa kiasi ambacho waamuzi wanaofaa, kila mmoja kwa wakati wake, wanakubaliana kwamba ni cha kibunifu. Alianza na kazi kama picha za kubandika karatasi zilizotengenezwa na watoto, na baada ya hapo njia ikasambaa kwenye ushairi, hadithi na muziki.

Tatizo langu ni lile neno dogo katikati: waamuzi *wanaofaa*. Kumfaa nani?

Wakikubaliana, wamepatia?

Chukua mizani ya sokoni iliyochezewa. Kila ukiweka kilo 1 ya nyanya inasoma kilo 1 na robo. Irudie mara 10, itasoma vilevile mara 10. Mizani hiyo haiyumbi hata kidogo, na bado inakuibia. Wanafunzi wa takwimu wanafundishwa mapema kwamba kipimo kutoyumba ni jambo moja, na kupima kile ulichokusudia ni jambo lingine.

Mtu anaweza kunijibu kwamba mfano wangu hauko sawa: nyanya zina uzito wake halisi hata kama mizani ni mbovu, lakini solo haina "ubora halisi" uliojificha nyuma ya majaji. Pingamizi hilo ni zito, na siwezi kulipita kwa kuruka. Ila tukilikubali, basi tuseme kwa uaminifu tunachopima. Tutakuwa tunapima kukubalika kwa solo mbele ya kundi fulani la wasikilizaji. Hicho ni kitu halali kabisa kupima. Shida inaanza pale kichwa cha habari kinapogeuka kuwa "wanasayansi wamegundua ubunifu unakaa wapi kwenye ubongo".

Angalia kazi mbili za David Rosen, John Kounios na wenzao wa Drexel University, Philadelphia. Mwaka 2016 walichapisha jaribio la wapiga piano 17 wa jazz. Wanamuziki walibuni papo kwa papo huku mkondo mdogo wa umeme ukipitishwa kichwani, juu ya eneo la mbele la ubongo upande wa kulia, na wataalamu wa jazz wakatoa alama. Umeme wa aina moja uliwasaidia wachanga na ukawaharibia wazoefu. Matokeo mazuri sana kusimulia. Mwaka 2020 wakaja na wapiga gitaa 32, safari hii wakipima umeme unaotoka kwenye ubongo wenyewe wakati solo inapigwa, na wataalamu wakitoa alama za ubunifu, mvuto na ufundi.

Kazi hii ya pili inafundisha jambo ambalo watu wengi wamelipita. Walipolinganisha solo zilizopewa alama za juu na zile za chini, tofauti ilijitokeza sana sehemu za nyuma za ubongo upande wa kushoto kwa zile za juu, na upande wa kulia kwa zile za chini. Lakini waliopata alama za juu ndio waliokuwa na uzoefu mkubwa. Watafiti walipoondoa mchango wa uzoefu kwa hesabu, picha ikageuka: tofauti kati ya solo bora na solo dhaifu sasa ikaonekana karibu yote upande wa kulia, hasa mbele.

Umeona? Alama zilezile, majaji walewale, halafu ramani ya ubongo inahama. Nawasifu watafiti kwa kufanya hesabu hiyo ya ziada, maana wangeweza kuishia kwenye picha ya kwanza na hakuna ambaye angewauliza. Lakini inatuonyesha kwamba ndani ya namba moja ya "ubora" kulikuwa na vitu angalau viwili vimefungwa pamoja. Mojawapo ni ile sauti ya mtu aliyepiga kwa miaka mingi. Jaji anaitambua upesi, kwa sababu naye amepitia njia hiyohiyo.

Wawili nyuma ya kizuizi

Sasa twende kwenye utafiti ninaoupenda kuliko yote katika eneo hili, na ambao nadhani unapaswa kusomwa na kila mtu anayetaka kukaa kwenye kiti cha ujaji.

Mwaka 2014 Michael Schober na Neta Spiro walichapisha simulizi ya kitafiti kuhusu wanamuziki wawili wa jazz, mmoja wa saksafoni na mmoja wa piano. Wote wazoefu, ila hawakuwahi kupiga pamoja hata siku moja. Waliwekewa kizuizi katikati ili wasionane, wakapiga mara 3 wimbo unaojulikana sana kwa wapiga jazz, It Could Happen to You. Mara tu baada ya hapo kila mmoja alihojiwa peke yake: ulikusudia nini, unadhani mwenzako alikusudia nini, nini kilitokea pale. Msikilizaji mtaalamu naye alisikiliza rekodi na kutoa maoni yake. Kauli zote zikakusanywa, majina yakafutwa. Baada ya miezi 2 wanamuziki wale walisikilizishwa tena rekodi na kuulizwa kwa kila kauli: unakubaliana nayo kiasi gani?

Walikubaliana wao kwa wao kuliko kubahatisha, lakini kwa kiwango cha wastani kwenda chini. Kila mmoja aliziunga mkono kauli zake mwenyewe zaidi. Na kuhusu mojawapo ya zile mara 3 walitofautiana hata kama ilikuwa nzuri, na nani alisababisha iwe ilivyokuwa.

Yaani watu wawili waliotengeneza muziki huo kwa mikono na pumzi zao, ndani ya dakika zilezile, hawakubaliani kama ulitoka vizuri.

Halafu kuna hili la mwisho, ambalo linavuruga pande zote mbili za ubishi. Wanamuziki waliziunga mkono kauli za yule msikilizaji mtaalamu kuliko kauli za mwenzao waliyepiga naye. Kwa hiyo huwezi kusema "mwenye muziki ndiye anayejua, wengine wanyamaze". Mtu wa nje anaweza kusema kitu ambacho mpigaji anakitambua kuwa kweli, kuliko anachokisema mpigaji mwenzake. Na mimi ninayewashambulia majaji lazima nilimeze hilo.

Wasikilizaji 239

Miaka 2 baadaye Schober na Spiro walirudi na rekodi zilezile 3. Safari hii walizipeleka kwenye intaneti, na watu 239 wenye uzoefu wa muziki wakazisikiliza na kusema wanakubaliana kiasi gani na kauli 24 zilizotoka kwa wanamuziki na kwa yule mtaalamu. Hawakuambiwa kauli ipi ni ya nani.

Kama wewe ni mtetezi wa wataalamu, una cha kujivunia. Kauli ambazo wanamuziki wote wawili walikubaliana ziliungwa mkono zaidi na wasikilizaji kuliko zile walizobishania. Yaani kuna kitu kwenye sauti kilisikika kweli, si njozi za kila mtu. Na waliokuwa na uzoefu mkubwa wa jazz, pamoja na wale wanaopiga saksafoni au piano, waliunga mkono kauli za wapigaji kuliko wasio na uzoefu huo. Uzoefu unasaidia sikio. Tusije tukajifanya kwamba kila maoni ni sawa.

Ila tazama upande wa pili. Majibu ya wasikilizaji yalipopangwa kwa makundi, mengi mno yaliangukia karibu na yule msikilizaji mtaalamu kuliko karibu na mwanamuziki yeyote kati ya wawili. Wasikilizaji wanafanana na wasikilizaji. Kukaa upande wa kusikiliza ni kama kukaa jukwaa moja uwanjani: mnauona mpira kwa pembe ileile, na mkikubaliana kwamba ilikuwa kuotea, makubaliano yenu yanatokana kwa sehemu na viti vyenu. Na bado haikuwa sheria, maana watu wenye historia ya muziki inayofanana waliweza kutafsiri solo moja kwa namna zinazopingana kabisa.

Sasa rudi kwenye njia ya Amabile ukiwa na matokeo haya mkononi. Unachukua majaji wanne au watano, wote wasikilizaji, wote wa shule zinazokaribiana. Wanakubaliana. Unaandika kwenye makala: kipimo chetu ni imara. Kumbe huenda umepima tu kwamba wote walikaa jukwaa moja. Ukikutana na Welding na Tynan kwenye jopo lako, hesabu itasema jopo limeshindwa, utatafuta jaji mwingine. Lakini muziki wa aina ya Free Jazz ndio hasa unaozalisha jopo la namna hiyo. Njia inayotegemea makubaliano inakaribisha kazi zinazofanana na zile majaji walizokwisha kuzikubali, na inazitupa zile zinazowagawa. Kwa ubunifu, huo ni upungufu mkubwa.

Je, sikio linajua kilichobuniwa?

Kuna swali lingine ambalo tunalipita haraka. Tunaposema solo ya papo kwa papo ni nzuri, tunasifia sauti iliyotoka au kitendo cha kuibuni pale pale? Mwaka 2011 Annerose Engel na Peter Keller waliwasikilizisha wanamuziki 22 wa jazz vipande vya piano. Baadhi vilikuwa vimebuniwa papo kwa papo, vingine ni vilevile vilivyokaririwa na kurudiwa na mpigaji mwingine. Kazi yao ilikuwa kusema kipi ni kipi. Walifanya vizuri kidogo tu kuliko mtu anayerusha sarafu.

Hawa ni wapigaji wenyewe. Kama kutofautisha kilichobuniwa na kilichokaririwa ni kugumu hivyo, basi alama ya jaji kwa "ubunifu" inagusa zaidi matokeo kuliko kitendo. Na kitendo ndicho watafiti wa ubongo wanachokitafuta. Pengo hilo linastahili sentensi zaidi ya moja kwenye sehemu ya mapungufu ya makala zao.

Msikilizaji aliye ndani ya muziki

Kote huko tumemweka jaji kwenye chumba kimya, na rekodi, na karatasi ya alama. Siyo kila muziki uliwahi kumpangia msikilizaji kazi hiyo. Neno *taarab* tunalolitumia pwani limetoka kwa Kiarabu *tarab*, ambalo ni ile hali ya kuguswa na muziki mpaka ukapandwa na hisia. Jina la muziki ni jina la kinachompata msikilizaji.

Mtaalamu wa muziki wa Kiarabu A. J. Racy, katika kitabu chake cha mwaka 2003, ameeleza kwa kirefu kundi la wasikilizaji wanaoitwa *sammi'a*, watu wanaoheshimiwa kwa kujua kusikiliza. Mpiga udi au kanuni anapobuni taksim, anazunguka kwenye makamu, anachelewesha, halafu anafunga sentensi ya muziki. Hapo sammi'a anapaza sauti ya kuridhika. Anayekosea mahali pa kupaza anajulikana hajui. Na mpigaji analisikia hilo, linambadilisha, sentensi inayofuata inatoka tofauti. Hukumu ya mtaalamu hapa inaingia ndani ya solo kabla solo haijaisha. Taksim ilipofika Zanzibar pamoja na udi, kanuni na fidla, ilitokea kwenye ulimwengu wa usikilizaji wa namna hiyo.

Nani atasema ubora wa taksim ile ulikuwa kwa mpigaji peke yake? Ukichukua rekodi yake ukampa jaji ofisini, unampa kilichobaki baada ya kumwondoa mshiriki mmoja.

Lakini tusiigeuze taarab kuwa pepo. Mwitikio wa ukumbini nao siyo kipimo safi. Kelly Askew, aliyeandika mwaka 2002 kuhusu maonyesho ya muziki Tanzania, anaonyesha kwamba mtu anapoinuka kutunza kwenye taarab mara nyingi anajibu ubeti: fumbo limemfaa, kuna mtu anamlenga. Ukihesabu noti alizopewa mwimbaji ukadhani umepata alama za ufundi wake, umepotea njia. Kama kwa majaji wa maabara, inabidi kwanza uulize alama ile ilikuwa inajibu swali gani.

Kwa hiyo tufanyeje?

Sisemi majaji wafukuzwe. Wale 239 wametuonyesha kwamba uzoefu unasikia vitu halisi. Ninachodai ni tafiti zibadilishe mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mashine mpya.

Kwanza, alama za kila jaji zionyeshwe, siyo wastani tu. Wastani wa nyota 5 na sifuri ni nyota 2 na nusu, alama ambayo si Welding wala Tynan angeitambua kuwa yake. Pili, wapigaji nao waulizwe, kila mmoja peke yake, kabla hawajasahau. Tatu, maswali yawe ya karibu na muziki: walisikilizana hapa? nani aliongoza pale? wazo hili lilirudi? Kauli za namna hiyo mtu anaweza kuzikubali au kuzikataa kwa sababu, tofauti na "ubunifu, toa alama 1 mpaka 7". Nne, jopo litoke shule tofauti kwa makusudi, na wakigawanyika, mgawanyiko uandikwe kama matokeo.

Na wewe msomaji, ukikutana na habari kwamba wanasayansi wamepata siri ya ubunifu wa muziki, tafuta maswali matatu kabla ya kuisambaza kwenye kundi la WhatsApp: nani alitoa alama, alisikia nini hasa, na waliopiga walisema nini. Mara nyingi jibu la tatu halitakuwepo kwenye makala.

Kwa mwanafunzi aliyetoka kwenye mtihani wa solo akiwa na alama ndogo, haya hayakupi ruhusa ya kupuuza jopo. Nenda kawaulize walisikia nini, sehemu gani, dakika ya ngapi. Halafu muulize uliyepiga naye.